Sauti Ngeni si Lazima Iwe Mbaya

Bendi ikibadilisha mwimbaji, mashabiki hununa kama watoto walioletewa mama wa kambo. Bruce Dickinson aliiacha Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza, mwaka 1993. Blaze Bayley akashika nafasi yake katika albamu ya The X Factor ya 1995.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha muziki huu tukikua Kericho. Tangu kanda hiyo iingie nyumbani, hatukusikiliza tena pamoja. "Huyu hapandi," alisema.

Ni kweli, Bayley hafiki juu kama Dickinson. Lakini nyimbo zenyewe ni za vita, huzuni na mashaka. Sauti yake nzito inazifaa, kama ukungu unavyolifaa shamba la chai baada ya mvua ya alasiri.

Huku kwetu si jambo geni. Mwaka 1950, pale Kapkatet, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers wa Marekani. Hawakumwiga; walimwimba kwa sauti yao.

Dickinson mwenyewe, baada ya kurudi mwaka 1999, alikuja kuuimba jukwaani Sign of the Cross, wimbo unaofungua albamu hiyo. Kaka, mgeni njoo, mwenyeji apone.