Gazeti Linapohamia Kwenye Simu

Sisi tunaosanifu tovuti hudhaniwa kuwa kazi yetu ni kuyapamba magazeti. Desemba 2012 New York Times lilichapisha mtandaoni “Snow Fall”, habari ya maporomoko ya theluji katika jimbo la Washington, iliyofuma pamoja maandishi, video na ramani zinazotembea. Mwaka uliofuata mwandishi wake, John Branch, alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer. Wengi wakaiga mapambo; miezi ya kuwahoji manusura hawakuiga.

Kwenye karatasi, ukubwa wa kichwa cha habari humwambia msomaji lipi zito. Kwenye simu habari zote huja kwa upana mmoja, na tangazo likichelewa kufunguka, aya huruka chini ya kidole. Mama anayesoma kwa kifurushi cha siku hulilipia tangazo hilo kabla hajaiona habari. Ndiyo maana twapendelea ukurasa mwepesi, herufi kubwa, na zaidi ya yote tarehe iliyo wazi, kwani habari ya mwaka juzi isiyo na tarehe huzua taharuki leo katika kundi la WhatsApp la familia. Wahariri hutujibu kwamba matangazo ndiyo mshahara wao. Ni kweli, na wetu pia.