Ngitili: Jangwa Lililorudi Kuwa Malisho

Ukitembea nje ya mji wa Shinyanga wakati wa kiangazi, utalakiwa na nyua za minyaa zilizozunguka maboma. Watoto wetu waliidhani ni mipungate, kwa kuwa haina majani. Lakini mpungate una miiba na asili yake ni Amerika; mnyaa hujilinda kwa utomvu mweupe unaoweza kudhuru macho vibaya. Tuliwakanya wasiuvunje.

Mbele ya maboma ipo ngitili: malisho ambayo Wasukuma huyafunga msimu wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi wakati wa ukame. Chini ya migunga tuliwaona kwale wakichakura, na nyayo za sungura mchangani.

Haikuwa hivi siku zote. Zama za ukoloni miti ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye ikafyekwa kwa mashamba ya pamba na kuni, hata mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioihuisha desturi ya ngitili, na miti mingi ikachipua yenyewe kutoka katika visiki.

Hata hivyo, hatari ingalipo: matanuri ya mkaa, na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hadi Geita, yanayohitaji magogo ya kuzuia kuta.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anachokula ndege, mtu au mnyama katika mti alioupanda Muislamu ni sadaka kwake. Wazazi, waonesheni watoto kisiki kinachochipua, nao wajifunze kukihifadhi.