Shika Tochi

Nikiwa mdogo, kazi yangu kwa mzee ilikuwa moja tu: kushika tochi. Alikuwa fundi wa redio pale Luthuli Avenue, na jioni alibeba nyumbani zile zilizomshinda mchana. Nikisinzia kidogo na mwanga ukihama, alisema bila kuinua macho, "Tochi." Chuma cha kulehemu sikuruhusiwa kukigusa. Ati kitanichoma.

Mwaka jana alipata kiharusi. Upande wa kushoto wa ubongo, daktari akasema, ndiyo maana mkono wa kulia umelegea na maneno yamegoma. Kuelewa anaelewa. Ukimdanganya bei ya sukari, anajua. Lakini akitaka kusema "chai" inatoka "kiti," halafu anafunga macho kwa hasira.

Tulipewa mazoezi yaliyorekodiwa. Unasikia neno, unalirudia. Shida ni kwamba tunaishi kwenye ploti, Kayole, na ukuta wetu na wa jirani ni mmoja. Siku ya kwanza niliyacheza kwa spika. "Kikombe," ikasema kompyuta. Mzee akajaribu. Ng'ambo ya ukuta mtoto akacheka, akarudia vile vile mzee alivyosema. Wiki nzima hakufungua mdomo tena.

Basi tukahitaji hedfoni, mbili, yake na yangu, ndio nisikie anachosikia. Simu yangu haina tundu la hedfoni, na yake ni mulika mwizi. Kompyuta niliinunua cyber moja ilipofungwa. Matundu yake ya mbele yalikufa kitambo, na la nyuma linaangalia ukuta. Ni kweli, ningenunua waya wa kurefusha na wa kugawanya, nimalize hiyo stori. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa nesi wa babangu. Nilitaka awe fundi tena, hata kama ni kwa saa moja.

Jumapili nikaweka kompyuta mezani, nikaifungua. Ndani, kwenye kadi ya sauti, kuna pini 9 zilizopangwa safu mbili. Nafasi ya 8 imeachwa makusudi, usichomeke plagi kinyume. Kadi yetu ni ya enzi za AC'97, kiwango cha Intel cha miaka ya 1990. Sauti ya kulia iko pini ya 5, ya kushoto pini ya 9, na pini ya 2 ni ardhi ya sauti. Pia kuna jampa mbili, vile vikofia vidogo vya plastiki vinavyounganisha pini. Nilipozitoa, spika za nyuma zikanyamaza, nikajua nimeua kadi. Kumbe kwa kadi kama hizi, sauti hupita mbele kwanza ndipo irudi nyuma. Jampa ni daraja tu, la kutumika pale mbele pasipo na tundu.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anajifanya haangalii. Nilipowasha chuma cha kulehemu na moshi ukapanda, akaja akiburuta mguu. Akachukua mulika mwizi yake kwa mkono wa kushoto, akaiwasha, akanimulikia.

Hatukuongea. Nilitoboa plastiki ya mbele, nikafunga matundu mawili mapya, nikagawa waya wa kulia na wa kushoto kwa yote mawili. Waya wa ardhi nikaufunga kwenye bati la kompyuta. Ardhi ni ardhi, nikajiambia.

Tukavaa hedfoni. Sauti ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na mngurumo kama posho mill iliyo mbali. Ukisogeza mausi, unaisikia ikikwaruza ndani ya sikio.

Mzee akavua hedfoni yake. Mdomo ukahangaika.

"Athi," akasema.

"Athi River? Baba, unataka kwenda Athi River?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mjinga. Akagonga bati kwa kidole, akatikisa kichwa. Akaelekeza mwanga kwenye pini ya 2. "Athi!"

Ndipo nikashika. Ardhi, kwa Kiswahili cha mafundi wa Luthuli. Bati linabeba uchafu wa umeme wa mashine nzima, na mimi nilikuwa nimeumwaga wote kwenye masikio yetu. Nikauhamisha waya. Mngurumo ukafa.

Sitadanganya, niliumia kidogo. Nimekaa naye miezi, nimempikia, nimemwogesha, na jina langu halijatoka kinywani mwake. Neno la kwanza kuja likiwa mzima, bila kuombwa, likawa la kazi. Baadaye nikafikiria ni mara ngapi alilisema neno hilo maishani, akiwa ameinamia redio za watu. Labda lilikuwa limekaa mahali kiharusi hakikufika.

Sasa kila usiku baada ya taarifa ya habari tunakaa bega kwa bega, tumechomeka. Yake ni tundu la kushoto, mkono mzima unapofika. Anarudia maneno kwa sauti ya chini, jirani asisikie. Jana alisema "kiombe." Karibu.

Jina langu bado. Nimelirekodi mwenyewe, nikaliweka mwisho wa mazoezi, baada ya "mlango."