Jicho Lisilopiga Hodi

Picha ya usiku huzaliwa na subira. Mwanga ni haba. Kwa hiyo mpiga picha huisimamisha kamera juu ya miguu mitatu na kuliacha tundu lake wazi kwa sekunde nyingi, pengine dakika. Apitaye chumbani hufutika kama moshi. Aketiye kimya kwa uchovu ndiye abakiye. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka wa 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye njia ya Boulevard du Temple, Paris. Magari ya farasi na wapita njia walitoweka, akabaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Aghalabu hutajwa kuwa mwanadamu wa kwanza kuonekana katika picha, na hakuombwa ruhusa.

Michael Wolf, mzaliwa wa Ujerumani, aliyapiga picha maghorofa ya vioo ya Chicago jioni na usiku, akatoa kitabu *The Transparent City* mwaka wa 2008. Alipoikuza picha mojawapo alimwona mtu anamnyoshea kidole cha kati, ishara ya matusi. Wolf hakuona haya. Alizidi kuyapekua madirisha na kuzikuza nyuso za wenyeji.

Arne Svenson wa New York alitumia lenzi aliyoachiwa na rafiki mtazama ndege, akawapiga picha majirani wa ng'ambo ya njia, akazionyesha mwaka wa 2013. Familia moja ilimshtaki, ikashindwa. Na mwaka wa 2015 mahakama ya rufani ilishikilia kuwa picha zile ni sanaa. Hata hivyo majaji walikiri kuwa watu wengi wangechukizwa, tena kwa haki, na namna zilivyopigwa, wakasema lalamiko hilo lawahusu watunga sheria. Haki ikapatikana upande mmoja, heshima ikabaki nje ya mlango.

Gail Albert Halaban, katika *Out My Window* ya mwaka wa 2012, hupiga hodi kwanza: watu wa dirishani hukubali kabla ya kupigwa picha. Yupo atakayesema kuwa aliyearifiwa huigiza, na ukweli hupotea. Lakini upweke wa mjini haukupungua katika picha zile, na mwenye nyumba alijua siku hiyo ameacha pazia wazi kwa ajili ya nani. Yule bwana wa Chicago hakupewa nafasi ya kujibu. Alikuwa na kidole tu.