Kioo Kati ya Wakili na Muuaji

Filamu ya Kijapani iitwayo Sandome no Satsujin, yaani Mauaji ya Tatu, iliyotungwa na kuongozwa na Hirokazu Kore-eda na kutolewa mwaka 2017, humpa mtazamaji jibu kabla ya swali. Ni usiku, kando ya mto. Mwanamume anampiga mwenziwe hadi afe, kisha anaiteketeza maiti. Muuaji ni Misumi. Marehemu ni mwenye kiwanda alichofanyia kazi. Misumi amekiri, na miaka 30 kabla alikwisha kufungwa kwa kuua huko Hokkaido. Kilichobaki ni kitanzi tu.

Wakili wake, Shigemori, haji kuutafuta ukweli. Kwake ukweli ni anasa. Ajira yake ni kumwepusha mteja na kifo. Hoja yenyewe ni hii: aliyeua ili aibe huadhibiwa vikali kuliko aliyeua kwa chuki kisha akaichukua pochi ya marehemu. Pochi ni ileile na damu ni ileile, ila mfuatano wa vitendo ndio unaoamua nani aishi. Mwanafunzi wa fasihi atatambua mara moja kwamba huu ni mjadala wa msuko, ilhali aghalabu sisi huujadili bila mtu kunyongwa.

Tatizo ni kwamba Misumi habaki na kisa kimoja. Mara aliua kwa tamaa ya fedha, mara alitumwa na mke wa marehemu. Kisha Sakie, binti wa marehemu, anamfichulia wakili kwamba baba yake alikuwa akimnajisi, na kwamba yu tayari kuyasema hayo mahakamani. Hapo ndipo Misumi anapogeuka na kudai kuwa hakuua kabisa. Je, anasema kweli, au anaukana ungamo wake ili msichana asivuliwe nguo mbele ya umma? Akikana, anajipeleka kitanzini. Hata ile picha ya mtoni tuliyoiona kwa macho yetu yaanza kutiliwa shaka.

Wengi huitaja Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, kuwa mzazi wa filamu hii. Ulinganisho huo unafaa, ila hautoshi. Kule kila shahidi ana kisa chake. Huku visa vyote vimo kinywani mwa mtu mmoja, naye havitetei hata kimoja kwa moyo wote.

Lakini kinachotisha zaidi si Misumi. Nchini Japani, zaidi ya asilimia 99 ya kesi za jinai zinazofikishwa mahakamani huishia kwa hatia, na tangu mwaka 2009 raia wa kawaida huketi pamoja na majaji katika kesi nzito. Misumi anapobadili kauli, jaji, waendesha mashtaka na mawakili wanakutana faraghani. Kuanza upya kutavuruga ratiba. Macho yanakutana, vichwa vinatikiswa, na kesi inaendelea. Hakuna aliyesema uongo katika chumba hicho.

Baada ya hukumu ya kifo, Shigemori anarudi gerezani. Sura yake inaakisiwa kiooni hadi inakaribia kuifunika ya Misumi. Anauliza kama yote yalikuwa kwa ajili ya Sakie. Misumi hakubali wala hakatai. Anaonekana kukipenda tu kisa hicho. Wakili anatoka, anasimama kwenye njia panda, na kutazama juu.