Bibi wa macho mekundu

Najua nimepotea, test zilitubana, halafu bumu nalo likachelewa mpaka tukaanza kuogopana na mama ntilie. Leo ngoja niwape ya Jumamosi, maana imenikaa kooni.

Wengi wenu mnaujua ule mchezo wetu wa geto kwangu Tandika. Kwa wageni: hakuna kete za kusogeza. Mmoja anasimulia (mimi), wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema mhusika wangu anafanya hivi, halafu dadu inaamua kama amefaulu. Baba wa michezo hii ni Dungeons & Dragons ya Marekani, 1974. Sisi tunacheza Kids on Brooms ya 2020, ambayo wahusika ni wanafunzi wa shule ya… hapo sasa. Ya nini? Mazingaombwe ni ya yule jamaa aliyekuwa anakuja shule ya msingi kutema moto. Uganga ni mabango kwenye nguzo za umeme. Uchawi ni uchawi, hakuna mzazi atakayekuelewa. Tukaishia kuwaita "wataalamu", ingawa hilo nalo mnajua linanuka Sumbawanga.

Mchezo unataka dadu za pande 4 mpaka 20. Nilizunguka Kariakoo mpaka viatu vikalalamika, nikaambulia za ludo tu. Tunatumia simu.

Shule yetu ni Uagadou. Sikuitunga mimi, J.K. Rowling aliitangaza 2016, akaiweka Milima ya Mwezi, ambayo kwetu ni Rwenzori pale Uganda na Kongo wanapopakana. Wanafunzi wa huko hawahangaiki na fimbo, wanatumia mikono. Na mtoto akichaguliwa anaitwa ndotoni, akiamka anakuta jiwe lililochongwa mkononi. Hiyo niliipenda sana. Nikaokota kokoto nne kwenye nyumba inayojengwa hapo jirani, nikaziandika kwa marker, kila mchezaji akapewa yake.

Basi Jumamosi nikahitaji adui. Nikaandika bibi kizee anakaa kijijini chini ya mlima, macho mekundu, anaiba nyota za wanafunzi. Nilijiona fundi kweli. Wakaingia kijijini usiku, na mshikaji wetu wa uhandisi hata hakufikiria mara mbili: "Tunamchomea nyumba." Simu ikatoa 17. Geto zima kelele! Mimi nikaanza kusimulia moto, makuti yanavyoshika, bibi anavyopiga yowe, na sauti nikaigiza kabisa.

Dada mmoja kati yetu, anatokea Shinyanga, akauliza taratibu, "Kwani amefanya nini?"

Tukacheka. Akarudia. Nikaangalia daftari langu nimjibu. Wallahi sikuwa nimeandika kitu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja niliyesema ameibiwa nyota. Niliandika macho tu, na watu wanne wa chuo kikuu wakaona inatosha.

Akachukua mkoba, akasema anawahi gari la Mwananyamala. Kokoto akaiacha mezani.

Jumapili nikamfuata. Sikumpigia, nilijua hatapokea. Tukakaa barazani kwao, akaniambia habari za bibi yake mzaa mama. Alipika kwa kuni na samadi maisha yake yote, moshi ukamharibu macho. Mtoto wa jirani akafa kwa homa, watu wakaenda kwa mpiga ramli, ramli ikaangukia kwa bibi. Wajomba wakamtoa usiku kwa baiskeli kabla hawajafikiwa. Akafia Mwanza kwenye chumba cha kupanga, na shamba lake mpaka leo analima mtu mwingine. "Wewe umemuona kwenye daftari," akaniambia, "mimi amenilea." Nilikuwa na pole yangu nimeiandaa toka kwenye daladala. Sikuitumia.

Yule wetu wa sheria nilipomsimulia akaniambia Sheria ya Uchawi ya Mwingereza ya 1928 bado ipo vitabuni, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtuhumiwa akaishi sehemu nyingine. Wapiga ramli nao serikali iliwapiga marufuku Januari 2015. Nikawaza, mabibi wangapi wamehama na hawapo kwenye faili lolote.

Mhandisi anasema nakuza mambo, ni gemu tu, futa huyo bibi weka joka. Sikubali. Joka halina wajukuu, sawa, lakini moto tumeshauwasha na wahusika wetu wamesimama pale pale nje ya nyumba. Nataka waingie ndani wamkute, wamuulize jina. Sijui nitalisimuliaje hilo, na kwa sauti gani, na yeye akiwa amekaa mbele yangu.

Kama atakuja. Nimemwambia, kasema ataangalia. Kokoto yake nimeiweka juu ya sabufa. Jumamosi tunaanza saa nane, mwenye sahani zangu azirudishe.