Gololi Ndani ya Asali

Likizo iliyopita nilimkuta mdogo wangu nyumbani Kyarumba akichagua masomo ya kidato cha tano. Fizikia hakuitaka. "Kaka, wewe mwenyewe uliikimbia ukaenda kusoma Kiswahili," aliniambia. Sikuwa na jibu, kwa kuwa ni kweli.

Kilichomchosha ni swali moja daftarini: tufe likizama katika kiowevu kizito, kiowevu hicho hufanya nini? Alijibu kama ambavyo ningejibu mimi: hupisha, kisha hurudi mahali pake. Akakosa.

Tukajaza asali kwenye bilauri. Tukasaga mkaa, tukauchanganya na kijiko cha asali na kuutandaza juu. Kisha tukadondosha gololi. Ilishuka polepole, na nyuma yake ile asali nyeusi ikavutwa kama mkia mwembamba hadi karibu na chini. Tulingoja. Mkia haukurudi juu.

Sababu ni mnato. Asali inayoigusa gololi hushikamana nayo na kwenda kwa kasi yake. Tabaka hilo huburuta la jirani, nalo huburuta linalofuata. Kando ya kuta za bilauri, asali nyingine hupanda kujaza nafasi iliyoachwa. George Stokes alipiga hesabu za mwendo huu mwaka 1851. Kwa hesabu hizo, katika chombo kipana sana, asali iliyo mbele ya tufe kwa umbali wa mara 10 ya nusu kipenyo chake tayari inakwenda kwa asilimia 15 hivi ya kasi ya tufe. Haijaguswa, lakini imeshaanza safari.

Mwaka 1953 Charles Galton Darwin, mjukuu wa yule Darwin maarufu, alionyesha kwamba kama kiowevu hakina mnato kabisa, tufe huhamisha kiasi cha nusu tu ya ujazo wake. Katika asali kiasi hicho huzidi sana, na huongezeka kadiri tufe linavyoenda mbali.

"Basi hata gololi ya pili itavutwa," alisema mdogo wangu kabla sijafika huko. Naam. Mbili zikifuatana kwa karibu, zote hushuka upesi kuliko moja iliyo peke yake.

Tulizungumza yote hayo kwa Kiswahili na Lukonzo, lugha ambazo nilidhani fizikia haizijui. Fomu yake ilibaki mezani bila kujazwa. Usiku alipolala, mimi ndiye niliyekuwa nikisoma daftari lake.